Risasi moja tu begini, na safari yaishia korti

Leo hatuzungumzi juu ya jambazi. Jambazi ana kurasa zake katika gazeti kuu, na wewe wazijua. Leo tunazungumza juu ya mtu mwema: mfanyabiashara aliye na cheti cha bastola, mfugaji wa Laikipia aliye na bunduki ya kulinda mifugo, mwanafunzi aliyeazima begi la mjomba wake ili asafiri ng'ambo, na mjane anayefungua sanduku la marehemu mumewe kwa mara ya kwanza. Watu hawa wote hawajamwibia mtu hata shilingi. Hata hivyo, kila mmoja wao anaweza kujikuta korokoroni kwa sababu ya kitu kisichozidi urefu wa kidole.

Kitu hicho ni risasi.

Wengi wetu tunaiogopa bunduki na kuidharau risasi. Bunduki hufungiwa kabatini, ufunguo ukafichwa. Risasi nayo husahaulika katika mfuko wa koti, chini ya kiti cha gari, au ndani ya droo pamoja na betri kuukuu na funguo za milango isiyojulikana. Mwenyewe husema, "Si ni risasi tu? Bunduki yenyewe haiko hapa."

Sheria haifikiri hivyo. Bunduki isiyo na risasi ni kipande cha chuma na ubao, haina tofauti kubwa na rungu. Bunduki hudumu miaka hamsini au zaidi, lakini risasi ikishafyatuliwa imekwisha, na mwenye bunduki hana budi kutafuta nyingine. Serikali ikiidhibiti risasi, imeidhibiti bunduki. Ndiyo maana katika nchi nyingi risasi ina sheria zake kali, na mwenye silaha asiyezijua huwa kama mtu anayetembea gizani katika nyumba ya wenyewe.

Ng'ambo ya daraja, sheria nyingine

Tuanze na Marekani, nchi ambayo wengi wetu tunadhani kila mtu hununua bunduki kama anavyonunua mkate. Jamaa zetu wengi wanaishi huko, na kila mwaka vijana wetu wanakwenda kusoma. Ni vyema wajue kwamba Marekani haina sheria moja ya risasi. Kila jimbo lina yake, na hata miji mingine ina yake.

Chukua mji mkuu wenyewe, Washington. Umetenganishwa na jimbo la Virginia na mto Potomac. Virginia mtu mzima asiye na rekodi ya uhalifu hahitaji cheti chochote ili aweke risasi nyumbani kwake. Akivuka daraja, mwendo wa dakika chache kwa gari, mambo yanageuka. Chini ya sheria ambayo baraza la mji lilipitisha mwaka wa 1976, mtu wa kawaida haruhusiwi kuwa na risasi mjini humo ikiwa hana bunduki iliyosajiliwa huko. Adhabu yaweza kufika mwaka mmoja gerezani, mbali na faini.

Kuna jambo jingine linalowanasa watu zaidi. Sheria ya Washington inapofafanua neno risasi haimaanishi ile risasi kamili peke yake. Inataja pia ganda, kichwa cha risasi, baruti na kile kiwashio kidogo kinachogongwa nyuma. Kwa hivyo ganda tupu ambalo mtu ameliokota kwenye uwanja wa kulenga shabaha na kulifanya pambo la funguo, laweza kuwa ushahidi dhidi yake.

Mahakama Kuu ya Marekani iliivunja sehemu ya sheria hiyo mwaka wa 2008, ile iliyowakataza wakazi kuweka bastola nyumbani. Watu wengi walisikia habari hiyo wakadhani kila kitu kimeruhusiwa. La hasha. Usajili ulibaki, na kifungu cha risasi kilibaki.

Jimbo la Illinois, ulipo mji wa Chicago, nalo lina utaratibu wake. Tangu miaka ya 1960 mkazi wa huko anatakiwa kuwa na kadi maalumu kabla ya kuwa na bunduki, na kadi hiyo inahitajika kwa risasi vilevile. Mtu akihama kutoka jimbo jirani na sanduku lake la risasi, akadhani yuko nchi ile ile na bendera ni ile ile, amejitia kitanzi mwenyewe.

Likizo iliyogeuka kesi

Sasa twende visiwani. Katika eneo la Karibi kuna visiwa viitwavyo Turks na Caicos, ambavyo ni milki ya Uingereza. Mchanga wake ni mweupe na Wamarekani huvipenda sana kwa mapumziko. Visiwa hivyo havina viwanda vya bunduki, lakini vimesumbuliwa mno na bunduki za magendo, kwa hivyo wakuu wake waliweka sheria kali: kupatikana na silaha au risasi bila idhini, kifungo kilianzia miaka 12.

Kati ya mwisho wa 2023 na Mei 2024, Wamarekani watano walikamatwa huko, kila mmoja kwa kesi yake, baada ya risasi kupatikana katika mizigo yao. Hawakuwa na bunduki. Mmoja wao alikuwa na risasi nne za kuwindia, zilizosahaulika ndani ya begi ambalo alikuwa amelitumia kwa uwindaji kwao. Alipita nazo ukaguzi wa uwanja wa ndege huko Marekani bila mtu kuziona, na baadaye idara inayosimamia ukaguzi huo ilikiri kwamba risasi hizo ziliwapita. Alipokuwa akirudi nyumbani, wakaguzi wa visiwani wakaziona.

Hebu fikiri, msomaji. Umemaliza likizo, umechomwa na jua vizuri, tiketi ya kurudi iko mkononi na kazi inakungoja Jumatatu. Askari anaweka risasi nne mezani na kukuuliza, "Hizi ni zako?" Kuanzia hapo huna likizo tena. Una wakili, una dhamana, na una mahakama ambayo sheria yake imeandikwa miaka 12.

Mwishowe hakuna aliyetumikia miaka hiyo. Sheria iliwaachia majaji nafasi ndogo pale penye hali isiyo ya kawaida. Mmoja wao, kwa mfano, alipewa kifungo cha nje cha wiki 52 na faini ya dola 6,700. Lakini kabla ya kufika hapo, baadhi yao walikaa wiki nyingi au miezi kisiwani, mbali na watoto wao, wakihesabu siku na gharama. Kelele ilikuwa kubwa hata wabunge wa Marekani wakasafiri kwenda kuwaombea. Mwezi wa Juni 2024 visiwa hivyo vilibadilisha sheria ili jaji awe na uhuru zaidi wa kupima kila kesi.

Wala si visiwa hivyo pekee. Mwaka wa 2014, mwanajeshi mmoja wa zamani wa Marekani aliingia Mexico kupitia mpaka wa Tijuana akiwa na bunduki tatu na mamia ya risasi ndani ya gari. Alieleza kwamba alikosa njia barabarani. Bunduki hizo zilikuwa halali kwao Marekani, lakini Mexico hazikuwa. Aliingia tarehe 31 Machi, akatoka gerezani tarehe 31 Oktoba. Miezi saba kwa sababu ya kupinda kona moja.

Usidhani watu wa namna hii ni wachache. Mwaka wa 2023 pekee, wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata bunduki 6,737 katika mizigo ya mkononi ya abiria, na karibu asilimia 93 zilikuwa na risasi ndani. Kama mtu anaweza kuisahau bunduki nzima begini, risasi moja ataikumbukaje?

Na hapa kwetu je?

Wakenya tusiwacheke. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, ilitungwa mwaka wa 1953, na lugha yake ni wazi. Hakuna mtu anayeruhusiwa kununua, kupata au kuwa na silaha au risasi bila cheti. Sheria haikutaja idadi ya chini. Risasi moja ni risasi.

Adhabu nayo si ya kuchapwa kiboko na kurudi nyumbani. Kwa silaha na risasi za kawaida sheria inataja kifungo cha kati ya miaka 5 na 10. Kwa zile za bunduki za kivita, inataja miaka 7 hadi 15.

Mwenye cheti naye asijipige kifua. Cheti cha silaha si ruhusa ya jumla ya kuweka risasi utakavyo. Cheti hicho kinataja aina ya bunduki na kiasi cha risasi ambacho mwenyewe anaruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Ukizidisha, umevunja sheria hata kama bunduki ni yako na cheti kiko mfukoni. Kadhalika, cheti cha bastola hakikupi haki ya kuwa na risasi za bunduki ya aina nyingine ambayo huna. Rafiki akikuachia sanduku la risasi zake "kwa siku mbili tu, ndugu yangu", siku hizo mbili ni zako wewe, si zake.

Cheti kina tarehe ya mwisho pia. Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru wenye silaha wote wakaguliwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha, na wakapewa siku 90. Wapo waliokwenda mapema. Wapo pia waliosema, "Mimi ninajulikana", wakangoja hadi siku za mwisho. Kujulikana hakuzuii cheti kuisha. Kikiisha, risasi zilizo nyumbani mwako hazina wa kuzitetea.

Nchi hii ina kumbukumbu ya uchungu kuhusu jambo hili, na vijana wanafaa kuijua. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilifanya kupatikana na silaha au risasi kuwa kosa la kifo. Dedan Kimathi alipokamatwa mwezi wa Oktoba 1956 na kufikishwa mbele ya mahakama mjini Nyeri, hakushtakiwa kwa kuua mtu. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola moja na risasi sita. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo, na wengi wao kwa makosa ambayo hayakuwa mauaji. Kwa hivyo tunapouliza iwapo sheria ya risasi ni ya haki, hatuulizi swali la wageni. Tunauliza swali la nyumbani kwetu.

Sanduku la babu

Mahali pa hatari zaidi si uwanja wa ndege. Ni nyumba ya mtu aliyefariki.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977. Kabla ya hapo walikuwako wawindaji wenye leseni. Walikuwako pia askari wastaafu na wengineo waliokuwa na bunduki kihalali. Wengine walirudisha bunduki zao, lakini nani alihesabu kila risasi? Miaka imepita, mzee amezikwa, watoto wanagawana vyombo. Shangazi anafungua kopo la zamani la tumbaku akitarajia kupata vifungo vya koti, na hapo anakuta risasi saba zilizoshika kutu.

Kosa la kwanza ambalo familia hufanya ni kunyamaza. "Rudisha hapo hapo, tusijitafutie maneno." Kosa la pili ni kuzitupa chooni au shambani, ambapo mtoto atakuja kuziokota. Kosa la tatu, na hili hufanywa na watu wenye nia njema kabisa, ni kuzitia mfukoni na kupanda matatu kuzipeleka kituoni. Matatu ikisimamishwa njiani na abiria wapekuliwe, utaanza kueleza nini, na nani atakusadiki?

Njia iliyo salama ni hii. Usiziguse. Watoe watoto katika chumba hicho. Pigia simu kituo cha polisi kilicho karibu au umwarifu chifu, ueleze ulichokiona na mahali kilipo, na uombe askari waje wenyewe. Awepo mtu mzima mwingine, jirani au mzee wa familia, awe shahidi. Askari wakizichukua, hakikisha jambo hilo limeandikwa katika kitabu cha matukio, nawe upewe namba ya OB. Iandike mahali usipoipoteza. Kama marehemu alikuwa na bunduki yenye cheti, mtafute wakili mapema, kwa maana cheti hicho kilikuwa cha marehemu. Hakirithiwi kama ng'ombe.

Kuhusu watoto nitasema wazi. Risasi ina sehemu nne: ganda, kiwashio, baruti na kichwa. Ikitiwa jikoni au ikigongwa kwa nyundo, haihitaji bunduki ili ilipuke. Ganda hupasuka na vipande vyake vikaruka, na jicho halina ngao. Watu wa Archers Post na Dol Dol wanayajua haya na makubwa zaidi. Kwa miaka mingi mabomu na makombora ambayo hayakuwa yamelipuka yalibaki katika viwanja vya mazoezi vya jeshi, na wachungaji na watoto wakauawa au kulemazwa. Mwaka wa 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 228 wa jamii za Wamaasai na Wasamburu pauni milioni 4.5. Pesa zilikuja, lakini mkono uliokatika haukurudi. Mfundishe mtoto wako neno moja: kitu cha chuma usichokijua, usikiokote, mwite mtu mzima.

Kabla hujafunga begi

Kwa wale wanaosafiri, wenye silaha na wasio nazo, nina machache.

Kwanza, begi la safari lisiwe begi la bunduki. Mwenye silaha awe na mfuko wake wa kwenda nao kulenga shabaha, na mfuko huo usipande ndege wala usiazimwe mtu. Pili, ukiazima begi, koti au gari, pekua kila mfuko na kila zipu, hata kama mwenyewe ni mjomba wako unayemheshimu. Kupekua si kumtukana. Mwambie, "Mjomba, shikamoo, nakagua begi nisije nikaondoka na vitu vyako," naye ataelewa.

Tatu, ikiwa unasafiri na silaha kihalali, kwa mashindano mathalan, tafuta idhini ya nchi unayokwenda na ya kila nchi utakayopitia, kwa maandishi, kabla ya kukata tiketi. Mashirika ya ndege kwa kawaida hayaruhusu zaidi ya kilo 5 za risasi kwa abiria mmoja, nazo ni lazima zitangazwe mapema na zifungwe vizuri katika mzigo wa chini. Kumbuka kwamba idhini ya shirika la ndege si idhini ya serikali. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Nne, ikitokea umekamatwa ugenini, usikimbie, usidanganye na usitoe hongo. Omba wakili, na uombe ubalozi wako uarifiwe. Hiyo ni haki inayotajwa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya kazi za mabalozi wadogo, nao ni mkataba ambao nchi nyingi za dunia zimeukubali. Haki hii haitakufungulia mlango wa seli siku hiyo hiyo, lakini watu wako watajua uko wapi.

Je, sheria hizi ni kali kupita kiasi? Mimi nasema sheria ya risasi inafaa kuwa kali. Anayeuliza sababu na aende Turkana, Baringo au Samburu, akawaulize wajane. Lakini ukali ni jambo moja na upofu ni jambo jingine. Sheria isiyompa hakimu nafasi ya kumtofautisha mwizi wa mifugo na mama aliyekuta risasi katika kopo la tumbaku, huwafundisha watu kuficha. Na watu wakificha, risasi zinabaki vijijini. Wale wa Turks na Caicos walilitambua hilo baada ya aibu kubwa. Sisi tulitambue bila aibu.

Hadi hapo sheria itakapopata macho, yatumie yako. Leo baada ya chakula cha mchana, nenda kwenye ile droo ambayo hakuna mtu aliyeifungua tangu Krismasi. Halafu angalia chini ya kiti cha gari. Ukikosa kitu, shukuru Mungu. Ukipata, unajua la kufanya.